Kanada: Wawindaji wapewa viti, waziri abaki na kalamu

MEI 2022, baada ya takriban miaka minne ya vikao, bodi yenye makao makuu katika mji mdogo wa Cambridge Bay, kaskazini kabisa mwa Kanada, iliishauri serikali ya nchi hiyo isikubali mgodi wa chuma wa Mary River, katika kisiwa cha Baffin, kupanuliwa.

Kampuni ya Baffinland, inayoumiliki mgodi huo, ilikuwa imeomba kuongeza uzalishaji kutoka tani milioni 6 hadi milioni 12 kwa mwaka, na kujenga reli ya kilomita 110 hadi bandari ya Milne Inlet. Wawindaji wa Pond Inlet, kijiji kilicho jirani na njia ya meli za mgodi, walisema kelele za meli hizo zilikuwa tayari zinawafukuza narwali, nyangumi wenye jino refu kama mkuki ambao ni chakula chao cha kila mwaka. Februari 2021, wakati vikao vikiendelea, baadhi ya wawindaji walikwenda na magari ya theluji hadi mgodini na kuziba barabara na kiwanja cha ndege katika baridi kali.

Novemba 16, 2022, Waziri wa Masuala ya Kaskazini wa wakati huo, Dan Vandal, alitangaza kwamba anakubaliana na bodi. Upanuzi ukakataliwa.

Bodi iliyotoa ushauri huo ni Bodi ya Tathmini ya Athari ya Nunavut, mojawapo ya vyombo vijulikanavyo kama bodi za usimamizi wa pamoja. Ni vyombo ambavyo wenyeji wa asili huteua au kupendekeza takriban nusu ya wajumbe, na serikali huteua nusu nyingine. Kazi yake ni kusimamia wanyamapori, maji, mipango ya matumizi ya ardhi na ukaguzi wa miradi mikubwa. Kanada inazo kwa makumi, kuanzia Yukon upande wa magharibi hadi Labrador upande wa mashariki.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kudhani kuwa bodi hizo ni hisani ya serikali kwa jamii ndogo zilizosahauliwa. Historia inaonyesha vingine.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Frank Calder na viongozi wenzake wa watu wa Nisga'a, waliodai kwamba ardhi ya mababu zao katika jimbo la British Columbia haikupata kuchukuliwa kihalali. Majaji 6 kati ya 7 walikubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi yao ilikuwapo kabla ya wakoloni. Walipofika kwenye swali la iwapo haki hiyo bado ilikuwa hai, waligawanyika 3 kwa 3, na jaji wa saba akaitupa kesi kwa sababu ya utaratibu wa kuishitaki serikali. Wanisga'a walishindwa kesi, lakini hoja ilisimama. Wakili wao aliitwa Thomas Berger, jina litakalorudi baadaye katika makala haya.

Tangu mwaka huo serikali ya Ottawa ilianza kujadiliana na wenyeji ambao hawakuwahi kutia saini mkataba wowote. Mkataba wa kwanza wa aina hiyo, wa James Bay na Kaskazini mwa Quebec, ulitiwa saini mwaka 1975 na watu wa Cree na Inuit. Wainuvialuit wa delta ya mto Mackenzie walifuata mwaka 1984, Wagwich'in mwaka 1992, na Mei 25, 1993 Wainuit wa Nunavut wakatia saini mkataba mkubwa kuliko yote.

Hapo ndipo bei ya bodi inapoonekana. Nunavut, iliyokuja kuwa eneo lenye utawala wake Aprili 1, 1999, ina ukubwa unaozidi mara mbili ule wa Tanzania, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wasiozidi 37,000. Katika mkataba Wainuit walikubali kuachia haki yao ya asili juu ya eneo zima. Walibaki na hati ya kumiliki takriban kilomita za mraba 350,000, ambazo ni chini ya moja ya tano, na sehemu iliyo na haki ya madini ni takriban moja ya kumi tu ya hizo. Waliahidiwa pia fedha, zaidi ya dola bilioni 1.1 za Kanada zilizolipwa kwa miaka 14.

Kwa ardhi yote iliyobaki, pamoja na bahari na wanyama wake, walichopewa ni viti katika bodi. Kwa hiyo viti hivyo ni sehemu ya malipo ya ardhi, na bodi inapopuuzwa, Wainuit huhesabu kuwa muuzaji amenyimwa malipo yake. Katiba nayo inawaunga mkono, kwa kuwa haki zitokanazo na mikataba ya namna hii zinalindwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Katiba ya mwaka 1982.

Bodi ya Usimamizi wa Wanyamapori ya Nunavut inaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyoendeshwa. Ina wajumbe 9: Wanne huteuliwa na jumuiya za Wainuit, wanne na serikali, na mwenyekiti hupendekezwa na bodi yenyewe. Akishaapishwa, mjumbe hawajibiki tena kwa aliyemteua, anatakiwa kuamua kwa manufaa ya umma. Hilo huwachanganya watu wengi, wakiwamo mawaziri.

Bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kuweka kiwango cha wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa. Kiwango kikishawekwa, fungu la kwanza ni la Wainuit kwa mahitaji yao ya msingi, kisha ndipo wengine wafikiriwe. Kugawana idadi hiyo ndani ya kijiji ni kazi ya chama cha wawindaji cha mahali hapo, na kila kijiji kati ya 25 vya Nunavut kina chama chake. Vijiji hivyo havina barabara za kuviunganisha. Wajumbe, wakalimani wa Kiinuktitut na masanduku ya nyaraka husafiri kwa ndege, na kikao kinaweza kuahirishwa kwa sababu ya tufani ya theluji.

Mivutano mikubwa imehusu swali la nani anajua. Mkataba wa 1993 uliagiza ufanyike utafiti wa maarifa ya Wainuit kuhusu nyangumi wakubwa wenye kichwa kilichopinda kama upinde, waliokaribia kumalizwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani. Wataalamu wa serikali walikuwa wakikadiria kwamba wamebaki mamia tu upande wa mashariki mwa Aktiki. Wazee walisema wanaongezeka, na wanaonekana mahali ambapo hawakuonekana kwa muda mrefu. Uwindaji halali wa kwanza chini ya mkataba ulifanyika mwaka 1996 karibu na Repulse Bay, kijiji ambacho sasa kinaitwa Naujaat, na ripoti ya bodi ikatoka mwaka 2000. Hesabu zilizofanywa baadaye kwa ndege zilipata maelfu ya nyangumi hao. Wazee walikuwa sahihi.

Kwa dubu weupe mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 2005 idadi ya dubu walioruhusiwa kuwindwa magharibi mwa ghuba ya Hudson ilipandishwa kutoka 47 hadi 56, kwa kuwa wawindaji walikuwa wakiwaona wengi zaidi karibu na vijiji. Watafiti nao walikuwa na hesabu nyingine: Dubu 1,194 mwaka 1987, na 935 mwaka 2004. Walisema barafu inayeyuka mapema, dubu wenye njaa wanasogea kwa watu, na kuwaona wengi si ushahidi kwamba wameongezeka. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na kufikia mwaka 2008 kiwango kilishushwa hadi 8. Wawindaji walilalamika sana. Ni haki kusema kwamba mfumo uliotoa nafasi kwa kauli ya wazee katika suala la nyangumi ndio huo huo uliowakatalia katika suala la dubu, na ukabaki umesimama.

Hata hivyo, bodi inaweza kukaa miaka, kusikiliza wazee na wahandisi, na kuandika ripoti nene, lakini kwa miradi mikubwa saini ya mwisho ni ya waziri. Mwaka 2016 waziri alikubali ushauri wa bodi wa kuukataa mgodi wa urani wa Kiggavik, karibu na Baker Lake. Mwaka huo huo bodi ilipinga mgodi wa dhahabu wa Back River kwa kuhofia kulungu wa Aktiki. Januari 2017 waziri alirudisha ripoti hiyo ikatazamwe upya, na miezi michache baadaye bodi ikaukubali kwa masharti. Nao mgodi wa Mary River haukuanza kuwa mgogoro mwaka 2022: Mwaka 2018 bodi ilishauri uzalishaji usipandishwe hadi tani milioni 6, na mawaziri waliupandisha.

Nje ya Nunavut, mahakama zimelazimika kuingilia. Mwaka 2014 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuzifuta bodi za ardhi na maji za Wagwich'in, Wasahtu na Watlicho, katika bonde la mto Mackenzie, ili ibaki bodi moja kubwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuharakisha vibali. Serikali ya Watlicho, ambayo mkataba wake ulianza kutumika mwaka 2005, ilikwenda mahakamani. Februari 2015 Jaji Karan Shaner alitoa zuio, na mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria na kuziacha bodi za mikoa zilivyo.

Katika Yukon, tume iliyoundwa chini ya mikataba ya wenyeji ilipendekeza mwaka 2011 kwamba asilimia 80 ya bonde la mto Peel, lenye takriban kilomita za mraba 68,000, lihifadhiwe. Serikali ya Yukon iliweka mpango wake wenyewe mwaka 2014, ikabakiza asilimia 29. Desemba 1, 2017 Mahakama ya Juu iliufuta mpango huo, ikisema serikali haikuwa na uwezo wa kuugeuza mpango wa tume kiasi hicho katika hatua za mwisho. Aliyewatetea wenyeji alikuwa Thomas Berger, miaka 44 baada ya hukumu ya Calder. Mpango uliopitishwa mwaka 2019 ulihifadhi asilimia 83.

Yapo pia matatizo yasiyofika mahakama za juu. Bodi hutegemea fedha za Ottawa, na mara nyingi viti vimebaki wazi kwa miezi kwa sababu waziri hajateua, hadi akidi ikakosekana. Mwaka 2006 shirika linalosimamia mkataba kwa niaba ya Wainuit, Nunavut Tunngavik, liliishitaki serikali likidai dola bilioni 1 kwa kutotekeleza ahadi, zikiwamo za kugharimia bodi. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015 kwa dola milioni 255.5.

Januari 18, 2024, mjini Iqaluit, serikali ya Kanada, serikali ya Nunavut na Nunavut Tunngavik zilitia saini makubaliano ya kuhamishia Nunavut mamlaka juu ya ardhi ya umma, maji na madini, kazi iliyopangwa kukamilika ifikapo Aprili 1, 2027. Bodi zitabaki, nazo saini nyingi za mwisho zitahamia kwa mawaziri wa Iqaluit, ambako wengi wa wapigakura ni Wainuit. Bahari haimo katika makubaliano hayo. Narwali wa Pond Inlet wataendelea kuwa chini ya waziri wa Ottawa.