Mti Ulipopungua, Gundi Ikaongezeka

Kigoda cha babu yangu hakina msumari wala tone la gundi. Kilichongwa kutoka gogo moja la muringa, kikalio na miguu mitatu vyote mwili mmoja. Kwa wazee wetu wa Embu, Mbeere, Chuka na Meru, kutengeneza chombo cha mti kulikuwa kuchonga, yaani kuondoa kisichotakiwa hadi kinachotakiwa kibaki. Kinu kilitoka hivyo. Mzinga wa nyuki pia ulitoka hivyo, gogo likafukuliwa ndani na kutundikwa juu ya mti. Gundi ya mzinga waliileta nyuki wenyewe, ule utomvu wanaoukusanya kwenye machipukizi ya miti na kuziba nao kila ufa.

Nimekuwa fundi wa mbao tangu 1974, na nimefikia kuamini kwamba historia ya upande wetu huu wa Mlima Kenya inaweza kusimuliwa kwa gundi. Palipokuwa na miti minene, gundi haikuhitajika. Miti ilipopungua, gundi ikaongezeka.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na ubao. Serikali ya kikoloni ilifungua boma la Embu mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908. Wamisheni wakafuata: Waanglikana Kigari mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga mwaka 1912, Waskoti Chogoria mwaka 1922. Kanisa lilitaka viti virefu, shule ilitaka madawati, nyumba za mawe zilitaka milango na madirisha. Vitu hivyo havichongwi kwenye gogo moja. Watu wakachimba shimo, gogo la muuru, ule mti ambao Waingereza waliuita Meru oak, likalazwa juu yake, na msumeno mrefu ukavutwa na wawili, mmoja juu na mwenzake ndani ya shimo akioga unga wa mbao. Mbao zikapatikana. Lakini mbao zikishapasuliwa hazijui tena kushikana. Lazima uziunge.

Mzee aliyenifundisha kazi mjini Embu alijifunza katika karakana ya misheni, na kwake kiungo kilikuwa mambo mawili. La kwanza ni ulimi na tundu lake, vikakaa bila kuchezacheza hata kabla ya kupakwa kitu. La pili ni gundi ya ngozi. Ilikuja ikiwa vipande vigumu vyenye rangi ya asali. Jioni tulivilowesha katika maji baridi, na asubuhi tukavipasha moto katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji. Ole wako ukiiacha ichemke, kwa sababu ikichemka inakufa nguvu. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mji, tulianza kwa kuzipasha moto mbao zenyewe, la sivyo gundi iliganda kabla ya kiungo kufungwa. Harufu yake ilikuwa ya kwato. Mpaka leo nikiikumbuka, namwona mzee akiniambia, "Kijana, gundi ni shahidi tu. Aliyeoa ni ulimi na tundu."

Baadaye ikaja gundi nyeupe ya kopo. Mjerumani Fritz Klatte aligundua kemikali yake ya msingi mwaka ule ule wa 1912 Wamethodisti walipokuwa wakianza Kaaga, ingawa sisi tuliipata miongo mingi baadaye. Haikutaka moto wala kungoja usiku kucha. Tuliipenda mara moja, nami niliipenda kuliko inavyostahili, maana nilianza kulegeza viungo vyangu nikiitegemea yenyewe.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilinyesha miezi mfululizo. Mteja wa Runyenjes alinirudishia meza niliyomtengenezea mwaka huo huo. Jikoni kwake kulivuja, na uso wa meza ukafunguka ubao kwa ubao. Niliporudisha pesa zake sikuona aibu ya pesa, niliona aibu ya maneno ya mzee.

Nikaanza kupima. Nilikata vipande vya mti wa mukima, nikaviunga jozi jozi. Jozi moja gundi ya ngozi, ya pili gundi nyeupe, ya tatu gundi ya maziwa. Hii ya tatu mzee alinisimulia lakini hakuwahi kunionyesha. Unachukua maziwa yaliyoondolewa mafuta, unayakatisha kwa ndimu, unachuja kwa kitambaa na kuyaosha yale mabonge. Kisha unayasaga na chokaa iliyozimwa na maji kidogo, hadi yawe uji mzito unaovutika. Mchanganyiko huo haungoji mtu. Baada ya saa chache hautandiki tena. Ndege za mbao za Vita Vikuu vya Kwanza ziliungwa kwa gundi ya namna hii, iliyotokana na maziwa.

Nilizamisha jozi zote katika pipa la maji usiku mbili. Ya ngozi ilikuwa imeachana asubuhi ya kwanza. Ya gundi nyeupe ilikuwa bado pamoja, lakini niliivuta kwa mikono ikafunguka kama ganda la ndizi. Ya maziwa ilikataa. Niliigonga na nyundo, ukapasuka mti wenyewe pembeni ya kiungo.

Februari 1998 tukasikia habari za Philip Boit, mwanariadha wetu aliyekwenda Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, kukimbia kilomita 10 kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Vijana wa karakana hawakuzungumza jingine wiki ile. Kimoja kilinishughulisha mimi, zile mbao ndefu miguuni mwake. Mwalimu mmoja wa sekondari alinitafutia kitabu, na ndani yake nikakuta hadithi yangu mwenyewe.

Zamani ski, kama mbao hizo zinavyoitwa, ilichongwa kutoka ubao mmoja mzuri, kama kigoda cha babu. Kisha watu wakaanza kuunganisha tabaka za mbao, lakini theluji ilipoyeyuka maji yaliingia na tabaka zikaachana. Mwaka 1932 Bjørn Ullevoldsæter wa Norway, na George Aaland huko Seattle, Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni ski ya tabaka tatu. Gundi yao ilikuwa ya maziwa.

Siku niliyosoma hayo nilipasua vipande vyembamba vya mukima ili mimi na vijana tutengeneze ski zetu wenyewe. Tuliloweka ncha katika maji ya moto zikalegea, tukapaka gundi ya maziwa, tukapanga tabaka tatu juu ya kalibu iliyopinda mbele, kisha tukazifunga kwa vipande vya tyubu ya gari tukizungusha na kukaza. Siku ya tatu tulifungua. Tuliegemeza kila moja juu ya mawe mawili na kupakia gunia la mahindi la kilo 90 katikati. Zilipinda, zikarudi. Vijana wakazipaka nta ya nyuki kutoka Mbeere na kuzipeleka kwenye mteremko wa nyasi zenye mvua, pale pale ambapo watoto huteleza wamekalia maganda ya mgomba. Zilishuka hadi mtoni.

Masika yote niliziacha nje mvuani. Moja ilisimama imara. Ya pili ilifunguka ncha, na ndani ya ufa kukawa na ukungu mweusi. Nilijua sababu yake. Tulipofika kwenye ncha hiyo gundi ilikuwa imeshaanza kukaza, nasi tukaipaka hivyo hivyo. Hata gundi ya maziwa ina mipaka: chokaa yake huacha doa kwenye baadhi ya miti, na unyevu wa muda mrefu huiozesha.

Tangu hapo miti imezidi kupungua. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipaa juu ya msitu wa Mlima Kenya na kuonyesha taifa jinsi muthaiti na mierezi ilivyokuwa ikiangushwa, na mwaka 2000 msitu ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Mwezi wa Februari 2018 ukataji ulisimamishwa katika misitu ya umma, na zuio likadumu hadi Julai 2023. Nililiunga mkono zuio hilo, ingawa liliniumiza tumboni. Mti wa muuru unaotosha uso wa meza kwa ubao mmoja umeishi miaka mingi kuliko fundi yeyote anayeukata.

Leo natumia mukima wa mashambani, uliopandwa kando ya kahawa na chai. Mbao zake ni nyembamba. Meza ya juzi ilitaka vipande kumi na kimoja, maana yake mistari kumi ya gundi, na kila mstari ni ahadi.

Ski ile iliyofunguka ncha imening'inia ukutani pa karakana, juu ya kigoda cha babu. Kijana anapoanza kazi, namwambia akae juu ya kigoda, kisha aingize ukucha wake katika ule ufa.