Tofali bila moto: waliotutangulia wanatufundisha nini?



Kila kiangazi, kwenye tereni, jambo ni lile lile. Familia imerudi, imepata parseli, inataka kutoka chini ya bashi. Nyumba ya potopoto haiitaki tena, juu inawakumbusha maisha ya kambi. Wanataka matofali ya kuchoma na manjanja. Basi tanuru zinawashwa, miti inakatwa, na mwaka unaofuata mama wa nyumba ile ile anatembea mbali zaidi kutafuta kuni za kupikia. Mvua ikinyesha, kilima kisicho na miti kinateremka hadi kwenye mashamba.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Wengine walikutana nayo mbele yetu.

Tuanze Misri. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, mbao na vyuma vilikuwa haba sana. Msanifu wa majengo mmoja, Hassan Fathy, alienda upande wa Aswan, kwa Wanubi, akakuta mafundi wanaojenga paa la duara kwa matofali mabichi, bila hata ubao mmoja wa kulishikilia. Ulikuwa ujuzi wa mababu. Kisha serikali ikampa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, juu ilitaka kuwahamisha watu waliokaa juu ya makaburi ya zamani. Fathy alijenga vizuri: nyumba za udongo, zenye baridi wakati wa joto, za bei ndogo. Lakini watu wengi walikataa kuhamia. Maisha yao yalitegemea kule walikokuwa, na serikali iliamua bila wao. Kazi ikasimama katikati.

Katika miaka ile ya 1950, Bogotá, nchini Kolombia, injinia Raúl Ramírez, mtu wa Chile, alitengeneza mashini ndogo ya chuma inayoitwa CINVA-Ram. Unaweka udongo uliochanganywa na simenti kidogo, unavuta mkono wa mashini kwa nguvu, tofali linatoka limeshindiliwa. Moto hauhitajiki, kuni hazihitajiki. Unaliweka kivulini, unalinyweshea maji siku nyingi mpaka likomae. Mashini ile ilisambaa katika nchi nyingi, na zinazofanana nayo zinatengenezwa mpaka leo, hata hapa Afrika.

Ila mashini peke yake haijengi kijiji. Hapo ndipo historia ya Gando, Burkina Faso, inatugusa sisi tuliorudi. Francis Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965. Alipokuwa na miaka 7 aliondoka, juu kijijini hapakuwa na shule. Baadaye alifika Ujerumani kujifunza useremala, kisha usanifu wa majengo mjini Berlin. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha na wenzake chama cha kukusanya pesa za shule ya kijiji chake. Chama, kama hiki chetu.

Aliporudi na mpango wa kujenga kwa udongo, wazee walishangaa. Mtu ametoka Ulaya, anatuletea udongo? Walijua vizuri mvua inavyofanya ukuta wa udongo. Kéré hakuwalazimisha. Alikaa nao, akaeleza, akaonyesha. Matofali yakashindiliwa na kutiwa simenti kidogo, na paa la mabati likainuliwa juu ya dari, likatokeza nje ya kuta. Hivyo mvua haifiki ukutani, na hewa ya moto inatoka juu. Watoto walileta mawe ya msingi, wamama walibeba maji, vijana walijifunza kazi ya ufundi. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ilipata tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo.

Gourna na Gando, zote mbili zilikuwa za udongo. Tofauti iko kwa watu: kule hawakuulizwa, huku waliuliza wenyewe mpaka wakaridhika, na ujuzi ukabaki mikononi mwao.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni hili: mkitoa pesa ya nyumba, toeni pia muda wa watu kuzungumza na pesa ya kufundisha vijana. Kwetu wanachama, mbele ya kiangazi kijacho tujibu maswali matatu. Udongo wetu unafaa? Sharti tuupime, juu si kila udongo unakubali kushindiliwa. Mashini itakaa kwa nani, na ikiharibika nani ataitengeneza? Na nani kati yetu atakubali nyumba yake iwe ya kwanza, ili majirani waione ikipita msimu mzima wa mvua?

Swali la tatu ndilo gumu. Tuje mkutanoni tukiwa tumelizungumza nyumbani, baba na mama pamoja.