Kariakoo: Jina la Soko na Shida ya Kupata Wapagazi wa Vita, 1914–1918

Wapitao Kariakoo mjini Dar es Salaam kila siku ni wengi, lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa jina hilo lilikuwa jina la kikosi kabla halijawa jina la soko. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita, na umbo lake laonyesha kwamba tulilipokea kwa sikio, si kwa maandishi: herufi za mwisho ambazo Waingereza huziandika wasizitamke hazimo, na irabu yao ndefu imebaki ndefu kwetu. Mjini Nairobi nako jina lipo, nalo huandikwa Kariokor. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini jeshi lilipata taabu kuwapata watu wa kikosi hicho, na taabu kubwa zaidi kuwaweka wasitoroke.

Upagazi wenyewe haukuwa jambo geni. Katika karne ya 19 mali ya misafara baina ya pwani na bara ilichukuliwa vichwani na mabegani, na Wanyamwezi walisifiwa kwa kazi hiyo kupita wengine. Mpagazi wa siku zile alijua safari yaelekea wapi. Alipatana ujira wake, akapewa posho, na mapatano yakivunjwa aliweza kuutua mzigo na kwenda zake. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na masharti.

Vita vilipoanza Agosti 1914, watu wa kwanza waliajiriwa kwa rupia 10 au zaidi kwa mwezi. Mwaka 1915 serikali ya nchi iitwayo leo Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na ujira ukashushwa hadi rupia 5, kisha 6 baada ya miezi mitatu. Mwaka 1917 mapigano yalihamia kusini mwa koloni la Wajerumani, mahali ambapo barabara hazikuwapo na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Hapo John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu, na kwa miezi michache zaidi ya 100,000 wakachukuliwa. Waliosikia habari walikimbilia porini, wala haikuwa ajabu: kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi, na unga wa mahindi usioiva uliwaharibu matumbo wale wasiouzoea. Yakadiriwa ya kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000.

Sasa tutazame neno moja la lugha yetu. Mtu aliyekimbia kazi tulimwita mtoro. Na neno hilo hilo ndilo lililotumika pwani kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani miaka 7 tu kabla ya vita. Basi mpagazi wa msafara, ambaye kuondoka kwake kulikuwa njia ya kudai haki, na mpagazi wa vita, ambaye kuondoka kwake kulikuwa kuokoa roho, wote waliingizwa katika neno la mtumwa. Anayesoma habari za vita hivyo na kuona watoro wengi asidhani kwamba amesoma habari za uvivu. Amesoma hesabu ya mapatano yaliyovunjwa.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam. Mpagazi hakusimamishwa pale juu pamoja naye, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Lakini wenye mji, bila ya kuamriwa na mtu, walilishika jina la kikosi chake wakalipa mahali. Majina ya watu wenyewe yamepotea kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo yatupasa sisi wanafunzi wa lugha, tunapoandika asili ya neno Kariakoo katika kamusi, tusiishie kwenye sauti zake. Tuwataje na watu waliolileta.