Picha Iliyozaliwa na Shairi: Delacroix, Byron na Usomaji wa Ushahidi wa Kihistoria

Makala haya yanachunguza namna picha inayotokana na ushairi inavyopaswa kusomwa na mwanahistoria. Mfano wake ni mchoro wa Eugène Delacroix wa mwaka 1826, uliohifadhiwa leo katika Art Institute of Chicago. Chimbuko lake ni The Giaour, shairi la masimulizi la Byron lililochapishwa mwaka 1813. Katika shairi hilo, Hassan anamtosa baharini mjakazi wake Leila kwa kumpenda Giaour, yaani "kafiri" kwa kauli ya Waturuki. Giaour naye anamuua Hassan kulipiza kisasi.

Delacroix alichagua kuchora pambano la wanaume hao wawili juu ya farasi. Leila, aliye chanzo cha ugomvi, hayumo. Mchoraji mwenyewe alikuwa hajafika Mashariki wala Afrika Kaskazini. Safari yake ya Moroko ilikuja mwaka 1832. Mavazi na silaha alivichunguza katika mkusanyo wa Jules-Robert Auguste mjini Paris. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1826 mchoro ulionyeshwa Paris katika maonyesho ya kuwachangia Wagiriki waliokuwa wakipigana na Waturuki. Tukio la kubuniwa likawekwa katika huduma ya vita vya kweli.

Kubuni si kosa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, nao husimulia vita ambavyo mtunzi hakuvishuhudia. Kosa huanza pale kilichobuniwa kinapopokewa kuwa kilichoonwa.

Kwa mwanafunzi wa historia aliyeko Kagarama, wilayani Kicukiro, jambo hili si la mbali. Mwaka 1863 John Hanning Speke, ambaye hakuingia Rwanda, alichapisha dhana kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa wageni kutoka Ethiopia. Waliomfuata waliihamishia dhana hiyo kwa Watutsi, na propaganda ya Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994 ikaitumia. Katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro, kumbukumbu ya Nyanza inahifadhi miili ya waliouawa.

Kwa hiyo, mbele ya picha au maandishi ya kale, msomaji hana budi kuuliza: mtunzi aliona, alisikia au alisoma? Alitumikia hoja ya nani? Na ni nani, kama Leila, aliyeachwa nje?