Mandhari ya Mzunguko: Jina la Picha Inayogeuka Kiganjani

Neno panorama lilibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya michoro ya Robert Barker, ambayo mtazamaji alisimama katikati yake huku ikiwa imemzunguka pande zote. Kamera za simu zimelifinya neno hilo: ukichagua panorama unapata picha ndefu, bapa kama utepe. Utepe unautosha uwanda wa juu wa Yatta, Ukambani nchini Kenya. Ukiutazama kutoka upande wa Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi, uwanda huo wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300 ni mstari mmoja ulionyooka. Juu ya jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, utepe haufui dafu, kwa kuwa kuna mwamba chini ya miguu, anga juu, mji upande mmoja na nyika upande mwingine. Picha inayompa mtazamaji yote hayo na kumwachia achague pa kutazama, mimi naiita mandhari ya mzunguko.

Mwanahisabati atapinga akisema kinachoundwa ni tufe, na hakosei. Picha huhifadhiwa ikiwa bapa, upana wake mara mbili ya kimo, ndiyo maana anga na mwamba wa chini huonekana vimevutwa. Kisha kivinjari, kwa teknolojia ya WebGL, huitandaza ndani ya tufe na kumweka mtazamaji kitovuni. Anapoburuta kidole au kugeuza simu, upande wa pili hujitokeza. Lakini tufe ni siri ya fundi. Mtazamaji haoni tufe hata kidogo. Huona mandhari, na anachofanya ni kuzunguka. Pingamizi zito zaidi liko Nzambani penyewe, ambapo masimulizi ya Wakamba husema anayelizunguka jiwe mara saba hubadilika jinsia. Huo ni mzunguko wa nje, mtu kuzunguka kitu, kama kiatu kinavyozungushwa kwa kidole katika maduka ya mtandaoni. Kwa hiyo "picha ya mzunguko" pekee ingepotosha. Neno mandhari ndilo linalomrudisha mtazamaji ndani, maana kiatu hakina mandhari. Kuongeza "shirikishi" sioni haja: mzunguko usiogeuzwa na mtazamaji mwenyewe ni video tu.

Jina hili linamwelekeza fundi pia. Picha ya pikseli 8192 kwa 4096 ikifunguliwa nzima hula takriban megabaiti 134 za kumbukumbu, na simu nyingi za bei nafuu hulemewa. Inafaa ikatwe vigae, ule upande unaotazamwa uletwe kwanza, mwingine ufuate mtu akigeuka. Mwenye bando dogo kule Mutomo au Wote hatalipia nyika asiyoitazama. Tangu 2019, iPhone haiupi ukurasa wa wavuti taarifa za mwendo wa simu bila ruhusa ya mwenyewe, hivyo kitufe cha kuiomba kiandikwe "Geuza simu uone mandhari", na tafsiri ya Kikamba kando yake.