Maradhi ya tumbo yasiyojulikana chanzo kwa watoto (Kalemie)

Mtoto husemwa ana maradhi ya tumbo yasiyojulikana chanzo pale anapoumwa tumbo, kuhara, kutapika au kujaa gesi kwa majuma kadhaa, akanyweshwa dawa hii na ile, na bado hakuna anayeweza kusema anaumwa nini. Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji ambako maradhi mengi ya aina hii yana majina yanayojulikana vizuri. Kinachokosekana ni kipimo, au kipimo kilichofanywa sawasawa.

Mji huu, ulioitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, umekaa pale mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika. Familia zisizo na bomba la shirika la maji, REGIDESO, huchota ziwani au mtoni, na hapo hapo ndipo watoto huoga na vyombo huoshwa. Kipindupindu kiliingia mashariki ya Kongo katika miaka ya 1970 na hakijaondoka. Mtaalamu Didier Bompangue na wenzake walionyesha kwamba miji ya kando ya maziwa, Kalemie na Uvira zikiwamo, ndiyo inayoufuga ugonjwa huo na kuurudisha kwingine. Ndiyo maana kila tumbo linaloharisha hapa hutazamwa kwanza kama kipindupindu, na ni haki: mtoto anayetoa kinyesi kama maji ya mchele anaweza kufa kabla jua halijazama. Lakini kipindupindu huisha kwa siku chache, kwa kupona au kwa kifo. Kuhara kunakofika siku 14 ni habari nyingine, na anayeendelea kuuliza swali la kipindupindu hapo anapoteza muda.

Swali la kwanza kwa mtoto wa ziwani ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji matamu, hupenya ngozi ya anayeoga, na minyoo yao hutaga mayai katika mishipa ya utumbo. Mtoto huumwa tumbo la kuja na kuondoka, huharisha, mara nyingine damu huonekana, naye huchoka bila sababu. Kipimo cha kawaida, kiitwacho Kato-Katz, hupaka miligramu 41.7 tu za kinyesi kwenye kioo. Kwa mtoto mwenye mayai machache, kipande hicho kidogo kinaweza kutoka safi ilhali utumbo umejaa vidonda. Kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" kutoka kioo kimoja lisichukuliwe kuwa la mwisho. Wataalamu hutaka vinyesi vya siku tofauti. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi na ya zamani, na aina iliyotengenezwa kwa watoto wa tangu miezi 3 ilipata maoni ya kuikubali kutoka mamlaka ya dawa ya Ulaya mwishoni mwa 2023.

Amiba na giadia zina shida nyingine. Amiba hai hufa upesi nje ya mwili, hivyo kinyesi kilichofungwa kwenye kikopo alfajiri na kufika mezani kwa fundi wa maabara saa sita mchana hakiwezi tena kuonyesha amiba hai. Giadia nayo hutoka siku moja na kujificha siku ya pili. Mama huweza kuishuku kabla ya darubini, maana kinyesi huelea, huwa na mafuta na harufu kali, na tumbo la mtoto hunguruma.

Kisha kuna "tifoidi", jina linaloandikwa kwa wepesi kuliko yote. Mara nyingi msingi wake ni kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Kipimo hicho hutafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza, na mtoto aliyekutana zamani na bakteria wa jamii ya wale wa tifoidi, au mwenye malaria tu, anaweza kuonekana "chanya". Mwenye tifoidi ya kweli huwa na homa isiyoshuka kwa siku nyingi, na utumbo wake unaweza kutoboka. Kipimo chake ni kuotesha damu maabara. Kumpa mtoto antibiotiki kila mwezi kwa sababu ya Widal ni kutibu karatasi.

Chanzo kinachosahaulika ni seli mundu, ambayo Wakongo wengi huiita SS. Utafiti wa Kinshasa ulikuta karibu watoto 14 kati ya 1,000 wanaozaliwa wanayo. Mishipa ya damu ikiziba, maumivu huweza kukaa tumboni, na mtoto akatibiwa minyoo mwaka mzima. Kipimo cha Emmel huonyesha seli zinazojikunja, ila hakimtenganishi mgonjwa na aliyerithi upande mmoja tu.

Nyumbani majibu huja mapema kuliko hospitali. Katika nchi za Maziwa Makuu, kuhara kwa mtoto mchanga husingiziwa "meno ya plastiki", na mganga humchimba ufizi kwa kifaa kichafu. Umri wa kuota meno ndio umri wa kuanza uji na kutambaa ardhini, na humo ndimo kuhara kunamoingia. Wengine humpiga mtoto pampu ya mpira yenye dawa za miti kupitia haja kubwa: aliyekwisha kukauka hupungukiwa maji zaidi.

Wapo watoto ambao vipimo vyao vyote ni safi kweli. Mwaka 1958 daktari John Apley na mwenzake Nora Naish waliwatazama watoto 1,000 wa shule Uingereza na kukuta takriban 1 kati ya 10 ana maumivu ya tumbo yanayojirudia. Baadaye Apley aliandika kwamba wengi wao hawana ugonjwa wa kiungo. Maumivu hayo si ya uongo. Mjini Kalemie, ambako vita na mafuriko ya ziwa vimehamisha familia nyingi, muuguzi afaa kuuliza pia mtoto analala wapi na nani amepotea nyumbani. Ugonjwa wa kutostahimili ngano, unaotajwa haraka Ulaya, hapa uko mbali: bukari (ugali) ya muhogo au mahindi haina gluteni.

Matapishi ya kijani, tumbo gumu lililovimba, damu kwenye kinyesi, mtoto asiyeweza kunywa, au utepe wa kupima mzunguko wa mkono unaosoma chini ya milimita 115 havingoji uchunguzi. Mtoto apelekwe Hospitali Kuu ya Rejea siku hiyohiyo. Kwa wengine wanaoharisha, maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 huanza mara moja, chanzo kijulikane au kisijulikane. Na kila jibu la maabara, hata lile la "hakuna kitu", liandikwe kwenye fishi ya mtoto pamoja na tarehe na dawa aliyopewa, kwani daktari wa Lubumbashi, au wa Kigoma ng'ambo ya ziwa, ataanzia hapo.