Lawama na teatri ya nyimbo: inasaidia ao inaua?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, wakati shule za Ibanda, Kadutu na Bagira zinatayarisha sherehe, mabishano yaleyale yanarudi. Vijana wanapanda jukwaani na mchezo wao: maneno kidogo, nyimbo za asili, ngoma. Ndiyo tunaita hapa teatri ya nyimbo. Kisha mzee mmoja anasimama na kusema wimbo wa arusi umeimbwa vibaya, ao kwamba mwami hawezi kuongea vile mbele ya watu wake. Wengine wanamkatiza: «Muache kuvunja batoto moyo!» Tumesikia hata wenzetu walimu wakitetea kwamba, kwa kuwa vijana wanaoshika mambo ya asili wamekuwa wachache, afadhali tuwapigie makofi tu hata wakikosea, wasije wakakimbia wote.

Wazo hilo lina huruma ndani yake, hatulidharau. Lakini tukiangalia yale yaliyopita katika jimbo letu na kwa majirani, tunaona kwamba neno «lawama» linafunika mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

Tuanze na Walega wa Mwenga na Shabunda. Bwami yao si teatri kwa maana ya watu wa mjini, wenye tiketi na viti. Ni chama cha vyeo. Mtu anapanda ngazi moja kisha ingine, na kila ngazi ina mafundisho yake. Lakini mafundisho yale yanaimbwa na kuchezwa. Anayeongoza kazi anashika kitu mkononi, pengine sanamu ndogo ya mbao ao ya pembe ya ndovu, anacheza nayo, anaimba mithali, wenzake wanaitikia na ngoma zinajibu. (Hatutasema zaidi ya yale ambayo Daniel Biebuyck, aliyeruhusiwa kuhudhuria kazi hizo katika miaka ya 1950, alichapisha katika kitabu chake cha 1973. Mambo ya bwami yana wenyewe.) Na mithali nyingi ni za kulaumu! Kuna sanamu ya Wayinda, mwanamke mwenye mimba aliyefanya uzinzi. Tabia mbaya inachezwa mbele ya macho, na anayetazama anajiuliza moyoni kama si yeye anayesemwa.

Wanyanga, waliokuwa pamoja nasi katika Kivu moja kabla jimbo halijagawanywa mwaka 1988, wana kitu cha karibu na hicho. Mwaka 1956 Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, vijana wakimsaidia kwa kupiga mdundo. Mwindo ni shujaa, watu wanamshangilia. Hata hivyo hadithi inamchukua mpaka juu mbinguni, inamtesa kwa baridi na jua kwa sababu aliua alichokuwa hana haki ya kuua, kisha inamrudisha akiwa na akili. Wasikilizaji hawakuona kwamba shujaa wao ameharibiwa.

Lakini kuna lawama ya namna ingine. Serikali ya Wabelgiji iliitazama bwami kwa mashaka, ikaona ni chama cha kupinga kazi yake, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku. Wale hawakusema mithali fulani imeimbwa vibaya. Wangejua namna gani? Walisema hakuna kuimba. Vitu vingi vya kazi vilitoka mikononi mwa wenyewe, na leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo, bila wimbo wala mguu wa kuvichezesha. Bwami yenyewe haikufa. Kama ingekufa, Biebuyck asingekuta kitu. Ila ilipoteza vingi.

Bon, mtu atasema: kama marufuku iliumiza, basi sifa zitaponya. Hapo tukumbuke animasio. Mobutu alitembelea China na Korea ya Kaskazini katika miaka ya 1973 na 1974, akarudi na hamu ya kuona taifa zima likicheza kwa mdundo moja. Shule, kiwanda, ofisi, kila pahali kikundi. Nyimbo za asili za kila jimbo zilichukuliwa na maneno yake yakabadilishwa: pale palipokuwa jina la mwami ao la babu, likaingia jina la Guide na la MPR. Tusidanganyane, wachezaji walikuwa na ufundi mkubwa. Wakubwa wetu wakisimulia, mabega yanaanza kutingishika yenyewe. Lakini nani angethubutu kusema kwamba wimbo wa kumsifu Guide umekuwa murefu kupita kiasi, ao kwamba maneno mapya hayalali vizuri juu ya mdundo wa zamani? Makofi yalikuwa ya lazima, kwa hiyo hayakumwambia mchezaji kitu. Nyimbo zikazidi kufanana. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na teatri ile kubwa, iliyokula pesa ya Leta kwa miaka karibu 20, ikanyamaza. Sisi tulikuwa watoto. Tunakumbuka kimya kuliko nyimbo. Tumewauliza wanafunzi wetu kama wanajua hata moja. Walicheka.

Mfano unaotufundisha zaidi, kwa maoni yetu, unatoka mbali kidogo, katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, karibu na Nairobi. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kigikuyu, «Ngaahika Ndeenda», wenye nyimbo na kucheza ndani. Hawakuuleta kijijini ukiwa umeisha. Waliwapa wakulima na wafanyakazi wa viwanda maandishi, na watu wakakosoa bila haya: mzee haongei hivi, maneno haya si ya hapa, wimbo huu hauanzi hivyo. Repetisio zilikuwa wazi. Mpita njia aliweza kusimama, kutazama na kutoa lake. Kuna gĩtiiro, yaani mazungumzo ya arusi yanayoimbwa kwa kujibizana. Hapo waandishi hao wawili wenye masomo ya juu wakawa wanafunzi wa wamama wazee. Wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi la kukaa watu kama 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na watu wakajaa.

Tarehe 16 Novemba serikali ikaufunga. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa gerezani bila hukumu, karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, «Maitu Njugira», wenye nyimbo za makabila mengi ya Kenya; walinyimwa ukumbi wa taifa, na mwezi wa Machi jukwaa la Kamiriithu likabomolewa.

Kwa miezi mingi mchezo ule ulikosolewa kila wiki na watu wasiojali sifa ya mwandishi, ukanenepa. Kisha ukapata lawama moja ya mtu mwenye muhuri, ukaanguka. Anayesema «kukosoa kunaua teatri» anachanganya hao wawili.

Na sisi hapa? Sisi walimu hatuna muhuri wa kubomoa jukwaa, lakini tuna desturi moja mbaya. Mzee anayejua wimbo tunamwalika siku ya sherehe. Anakaa mbele, anapewa chupa ya sukre, anaona mchezo kwa mara ya kwanza, na anakosoa wakati mtoto hana tena la kufanya isipokuwa kupata haya mbele ya wazazi wake. Hapo kweli moyo unavunjika, na kosa si la mzee.

Kwa mwaka ujao tumependekeza katika shule yetu kwamba wamama wawili wanaojua nyimbo za arusi za Bashi waje siku ya kwanza ya repetisio na warudi kila juma, waseme yote wanayotaka kusema, hata yenye kuuma. Prefe amekubali. Inabaki kupata pesa ya gari lao kutoka Walungu.